Chaneli Isiyo na Bikoni: Kampuni ya Redio ya Malindi Ilivyorudi Nyuma Katika Kununua Televisheni

Nimeondoa majina ya watu na ya kampuni, na tarakimu za pesa nimezibadilisha bila kuvuruga uwiano wake. Miezi, misimu na sheria nimeziacha zilivyo, kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki.

Wahusika

Mnunuzi ni kampuni ya redio ya mjini Malindi, mali ya ukoo mmoja. Mwenyekiti, ambaye nitamwita Mzee, alianza na kibanda cha kuuza kaseti na kurekodi harusi, akapanda pole pole hadi akapata masafa ya FM. Mkurugenzi ni binti wa nduguye, msomi wa biashara. Humwita ami na kumpa heshima zake zote, lakini hamfichi neno. Yupo pia dada yake Mzee, ambaye ofisi nzima humwita Shangazi. Hana cheo wala meza, ila ana hisa, na kikao kizito hakianzi kabla hajafika.

Muuzaji alikuwa mfanyabiashara mwenye chaneli ya televisheni katika mji mwingine wa pwani. Chaneli ilikuwa na wafanyakazi 14, taarifa ya habari saa moja jioni, kipindi cha taarabu siku ya Ijumaa, na usiku wa manane saa za wahubiri waliolipia muda wa hewani.

Mimi niliitwa kukagua vitabu vya hesabu na kuandika ripoti. Nilipoitwa, arbuni, yaani malipo ya kutangulia, ilikuwa imeshalipwa.

Kwa nini walitaka televisheni

Wenye hoteli na maduka makubwa waliokuwa wakitangaza redioni walikuwa wameanza kuuliza, "Na picha mnazo?" Hiyo ndiyo sababu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Sababu ya Mzee mwenyewe ilikuwa nyingine, na aliisema waziwazi: alichoka kuiona Malindi kwenye televisheni za Nairobi siku ya mafuriko ya Mto Sabaki au siku watalii wanaposhuka kwenye ndege tu. Alitaka watu wa Mambrui, Marafa na Gede wajione siku za kawaida, wakivua samaki, wakifunga ndoa, wakigombea maji.

Siidharau sababu hiyo. Ndiyo iliyomfanya auze kiwanja cha urithi kilichokuwa Mambrui, kwa kuwa hakopi kwa riba. Kwa hiyo pesa zilizokuwa mezani zilikuwa za ukoo, zikiwemo za Shangazi.

Machi: arbuni

Bei waliyokubaliana ilikuwa shilingi milioni 38. Muuzaji akasema yuko mtu wa Nairobi anayemsubiri, na anayetaka chaneli atangulize asilimia 10. Wiki moja kabla ya Ramadhani ya 2023, Mzee akatia saini karatasi ya kurasa mbili na kulipa milioni 3.8. Kifungu kimoja kilisema arbuni hairudishwi kwa sababu yoyote. Wakili wa kampuni aliiona karatasi hiyo siku tatu baadaye.

Ni rahisi kusema Mzee alikuwa na haraka. Mimi naona alifikiri kama mtu wa redio. Kwa mtu wa redio, kituo ni masafa. Ukipata namba yako kwenye FM, ukasimamisha mlingoti na transmita, umeshika kitu ambacho jirani hana na hawezi kukipata kwa urahisi. Televisheni za Kenya nazo zilikuwa hivyo enzi za analojia. Kisha ikaja dijitali. Tarehe ya mwisho iliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ilikuwa 17 Juni 2015, na Februari mwaka huohuo vituo vinne vikubwa vya Nairobi vilikaa gizani karibu wiki tatu katika mvutano juu ya uhamaji huo. Watu wanakumbuka lile giza na foleni za kununua ving'amuzi. Wachache wanakumbuka kilichobadilika chini yake.

Kilichobadilika ni kwamba kazi ziligawanywa. Anayetengeneza vipindi ana leseni yake, na anayesambaza mawimbi ana yake. Wasambazaji ni wachache: wamo Signet iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, kisha PANG, na ADN iliyoundwa na vyombo vya habari vyenyewe. Wimbi moja la dijitali hubeba chaneli nyingi kwa pamoja. Mwenye chaneli hapewi masafa. Hupanga nafasi ndani ya wimbi la mwenzake kama mtu anavyopanga chumba, na kodi hulipwa kila mwezi. Asipolipa, hutolewa.

Mzee alidhani ananunua nyumba. Karatasi ya Machi haikumwambia kwamba anachukua chumba cha kupanga chenye kodi ya nyuma.

Chumba cha mitambo

Tulikwenda kukagua katikati ya Ramadhani: mimi, Mkurugenzi na fundi wa redio. Chumba cha kurushia matangazo kilikuwa kidogo kuliko jiko la nyumba ya kawaida. Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi, na kila baada ya saa kadhaa mtu aliingia kuimwaga. Kompyuta moja ndiyo iliyokuwa ikicheza vipindi. Fundi wetu akapitisha kidole nyuma ya mashine, kikatoka na vumbi jekundu la kutu, ile kutu ya chumvi ambayo kila mwenye vyombo vya umeme karibu na bahari anaijua.

Akauliza transmita iko wapi. Kijana wa zamu akainua kebo ya intaneti iliyokuwa ikining'inia ukutani.

"Ndiyo hii," akasema. "Picha inatoka hapa inakwenda kwa msambazaji. Zaidi ya hapo si kwetu."

Karatasi ya mauzo ilisema "mitambo kamili ya televisheni". Tulihesabu kamera tatu. Moja ilikuwa mali ya mtangazaji wa taarabu, naye alitwambia hivyo bila kuulizwa mara mbili. Juu ya kabati palikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa diski za kuhifadhia picha, kila moja imeandikwa kwa kalamu nzito: maulidi, Idi, mashindano ya majahazi, hotuba za wazee. Miaka mingi ya pwani ilikuwa ndani ya mkebe ule. Haukuwemo kwenye orodha ya vitu vinavyouzwa, wala hapakuwa na karatasi iliyosema picha zile ni za nani.

Tulipokuwa tukitoka, kijana wa zamu alitufuata hadi mlangoni. "Nyinyi ndio mnaokuja kutulipa?" Ndipo tulipojua kwamba wafanyakazi walikuwa na miezi minne bila mshahara, na kwamba muuzaji alikuwa akiwatuliza kwa kuwaambia watu wa Malindi wako njiani. Mkurugenzi hakuwa na jibu. Aliniambia ndani ya gari kwamba tangu siku ile hakuweza tena kuiona hesabu ile kama hesabu tu.

Aprili na Mei: vitabu

Muuzaji alikuwa ametoa hesabu za aina mbili: mwaka mzima wa 2022, na robo ya kwanza ya 2023. Robo hiyo ilionyesha mauzo ya milioni 5.4. Akazidisha kwa nne, akapata milioni 21.6 kwa mwaka, na kwa namba hiyo akaitetea bei yake.

Nakiri kwamba rasimu yangu ya kwanza iliipokea namba ile. Aliyeikataa ni mhasibu wa redio, binti wa Malindi aliyekulia dukani kwa mamake. Alisema, "Januari hadi Machi ni kaskazi. Hoteli zimejaa, Waitaliano wako, kila mtu anatangaza. Mbona hajaandika Mei?" Kweli, mtu yeyote mwenye biashara huku anajua kwamba masika yakianza, hoteli nyingi hufunga milango au kupunguza watu, na matangazo hukauka pamoja nazo. Tukadai vitabu vya 2021, mwaka usio na uchaguzi mkuu. Aprili hadi Juni mwaka huo haikufika hata milioni 2. Mwaka mzima ulikuwa chini kidogo ya milioni 13. Mwaka wa 2022 ulipendeza kwa sababu ya kampeni za uchaguzi wa 9 Agosti, na wagombea hawatangazi kila mwaka.

Madeni nayo yakaanza kujitokeza moja moja. Kodi ya msambazaji wa mawimbi, miezi saba. Mishahara. Kodi ya PAYE iliyokatwa kwa wafanyakazi zaidi ya mwaka mmoja na haikupelekwa. Upande wa pili wa kitabu, pesa nyingi zilizoandikwa kuwa chaneli inadai zilikuwa za ofisi moja ya umma iliyotangaza zamani na haijalipa. Nilipojumlisha madeni yenye ushahidi wa maandishi yalifika milioni 11.

Kisha ikawa Shakahola, msiba wa wafuasi wa mhubiri mmoja waliofunga hadi kufa. Siku zilezile za Idi, mwishoni mwa Aprili, ufukuaji ulianza katika msitu ule ulio nyuma ya Malindi, na miili ikawa inaletwa mjini. Hatimaye ilipita 400. Waandishi wa redio yetu walikuwa wakishinda hospitalini na kurudi bila kuongea. Kazi ya ununuzi ilisimama kwa wiki kadhaa, na ilipoanza tena, kulikuwa na mstari mmoja kwenye vitabu ambao hakuna aliyeweza kuupita kwa haraka: muda wa hewani uliouzwa kwa wahubiri na watabiri, karibu theluthi moja ya mapato ya chaneli.

Hapakuwa na ushahidi kwamba yeyote kati ya waliolipia saa hizo alifanya uovu, na sitaki mtu asome hivyo. Ila chaneli haikuwa na utaratibu wowote wa kusikiliza kipindi kabla hakijaruka. Kanda ililetwa, pesa ikalipwa, ikachezwa. Mtu wa zamu alikuwa peke yake usiku. Mzee alikaa kimya muda mrefu nilipomweleza hilo, kisha akasema hatauza tena saa ya mtu kuhubiri bila yeye kujua kinachosemwa. Sentensi hiyo, kwa hesabu zetu, ilikuwa imeondoa theluthi ya mapato.

Kikao cha Juni

Walikutana nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Shela mjini Malindi, baada ya Alasiri. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni kununua hisa za kampuni ya muuzaji kwa bei iliyopunguzwa. Ukinunua hisa, leseni inabaki ilipo, ndani ya kampuni ileile, japo Mamlaka ya Mawasiliano lazima ijulishwe na iridhie mabadiliko ya umiliki. Lakini madeni nayo yanabaki ndani ya kampuni hiyohiyo, yanayojulikana na yasiyojulikana.

Ya pili ni kununua vitu tu: kamera, jina, picha za kumbukumbu. Hapo madeni unaweza kuyakwepa, mradi tangazo la kuhamisha biashara litolewe mapema katika gazeti rasmi la serikali na magazeti ya kawaida, la sivyo sheria humfuata mnunuzi. Lakini leseni haisafiri na vitu. Si mali ya kuuzwa dukani. Mnunuzi angeomba yake mwenyewe, kisha aende kwa msambazaji kutafuta nafasi, kama mgeni yeyote.

Ya tatu ni kujitoa.

Mkurugenzi alielekea ya pili. Mzee alitaka ya kwanza. "Nimeshatoa neno," alisema, "na milioni tatu na laki nane zimeshakwenda."

"Ami, neno lako nalijua," akamjibu. "Lakini hizo zimekwenda tukinunua na tusiponunua. Tusizifanye zituamulie hizi milioni 34 zilizobaki."

Shangazi alikuwa hajasema kitu. Alipoanza, hakuuliza bei wala deni. "Kile kiwanja cha Mambrui nilikijua bikoni zake nne. Marehemu baba alinitembeza nikiwa mtoto, akaniambia hapa na hapa na hapa na pale. Sasa nyinyi wasomi nitembezeni. Hii chaneli bikoni zake ziko wapi?"

Tulijaribu kumjibu kwa uaminifu. Mawimbi ni ya msambazaji. Leseni ni ya Mamlaka, imetolewa kwa kampuni yenye madeni. Kamera bora ni ya mtangazaji. Watazamaji wa taarabu wanamfuata yeye, naye hakuwa na mkataba. Picha za kumbukumbu hazikuwemo kwenye mauzo. Lililobaki ni jina na kompyuta moja yenye kutu.

Wakaamua kujitoa. Uamuzi ulichukua chini ya nusu saa baada ya hapo. Suala la idhini ya Mamlaka ya Ushindani, ambalo wakili alikuwa amelitayarisha, halikufunguliwa kabisa.

Matokeo

Barua ya kujitoa iliandikwa kwa lugha ya staha na kuambatanishwa na ripoti nzima, mstari kwa mstari, badala ya kusema tu "tumebadilisha nia". Muuzaji alikasirika, akataja kifungu chake. Lakini alijua kwamba ripoti ileile ingeombwa na mnunuzi mwingine yeyote. Baada ya wiki kadhaa za wazee kuingilia kati wakaelewana: milioni 1 irudishwe taslimu, milioni 1.8 ilipwe kwa muda wa hewani, saa moja kila jioni kwa miezi sita, na milioni 1 iliyobaki isamehewe.

Redio ilirusha kipindi chake cha picha kwa miezi mitano. Watu wa Malindi walijiona, kama Mzee alivyotaka. Mwezi wa sita chaneli ikatoweka kwenye ving'amuzi, kwa lile deni la msambazaji, na saa zilizobaki zikapotea nayo.

Wafanyakazi wawili kati ya 14 waliajiriwa na redio. Wengine walitawanyika. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja na kumlipa kila mmoja kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Waliokwenda na karatasi zao walipata cha kudai. Waliokuwa hewani miaka bila barua ya ajira waliondoka mikono mitupu.

Uchambuzi

Kosa kubwa ni arbuni, na sisemi hivyo kwa sababu ya kiasi chake. Pwani arbuni ni desturi nzuri. Huonyesha kwamba mtu ana nia. Ubaya ulikuwa kuitoa mkononi mwa muuzaji bila sharti hata moja. Ingewekwa kwenye akaunti ya wakili, na karatasi ingesema itarudi iwapo Mamlaka haitaridhia, iwapo msambazaji hatathibitisha kwa barua kwamba nafasi ya chaneli ipo na haidaiwi, au iwapo cheti cha kodi hakitapatikana. Hayo matatu yangetosha. Muuzaji mwenye mali safi angeyakubali kwa siku moja. Anayeyakataa ameshakwambia jambo, na umelijua bila gharama.

Badala yake, kuanzia Machi hadi Juni, arbuni ndiyo iliyokuwa ikiongoza kikao. Kila tulipogundua shimo, jibu lilikuwa "tuombe bei ipungue", kana kwamba shimo ni punguzo. Nina hakika kwamba bila kiwanja cha Mambrui na mwanamke aliyejua mipaka yake, wangenunua kwa milioni 30 na kujiona wameshinda.

Kuhusu mauzo ya msimu, somo liko kwa sisi wakaguzi zaidi kuliko kwa wenye mali. Fomula niliyoitumia kwenye rasimu ni ya miji yenye biashara iliyo sawa mwaka mzima. Malindi ina kaskazi na kusi, na vitabu vyake lazima visomwe kwa pepo hizo: miezi 12 kamili, mwaka usio wa uchaguzi. Mhasibu kijana aliyeuliza kuhusu Mei hakuwemo kwenye timu ya ukaguzi. Aliisoma rasimu kwa sababu aliombwa kuipiga chapa.

Mapato ya wahubiri yanahitaji neno zaidi. Wengi huyaona kama suala la maadili, la kujadiliwa baada ya ununuzi. Hapa yalikuwa suala la bei. Ukijua utakataa pesa fulani siku utakapokuwa mwenye nyumba, usiilipie. Kampuni ilichelewa kuyaona hayo, na kilichowafumbua macho kilikuwa msiba ambao sipendi kuutaja kama chombo cha kufundishia. Lakini ndivyo ilivyotokea, na nikiuficha nitakuwa nimeandika uongo.

Kilichofanya kazi vizuri ni safari ya fundi. Saa mbili ndani ya chumba kile zilitufunulia zaidi ya mwezi wa kusoma makabrasha, na kama ingefanywa Februari, kisa hiki kisingekuwepo. Barua ya kujitoa nayo ilifanya kazi. Ukweli ulioandikwa kwa heshima uliwarudishia sehemu kubwa ya walichokuwa wamekipoteza, bila mahakama.

Lililoshindwa kabisa ni jinsi tulivyowatendea wale 14. Hatukuwadanganya sisi, lakini tuliingia na kutoka kazini kwao mara nne, tukihesabu viti vyao, tukiwa tunajua wanatumaini nini, na hakuna aliyekaa nao. Walipata habari za kujitoa kwetu kwenye kundi la WhatsApp. Mkurugenzi angeweza kumtaka muuzaji, kabla ya ukaguzi, awaambie kwa maandishi kwamba mauzo hayajakamilika na huenda yasikamilike. Nilipaswa kulipendekeza hilo mwenyewe.

Na ule mkebe wa biskuti. Niliandika katika ripoti kwamba picha zile ndizo kitu pekee pale ambacho hakiwezi kununuliwa upya, na kwamba zinafaa kulipiwa kivyake, kwa bei ndogo, mara moja. Kikao kiliahirisha. Mtangazaji wa taarabu ndiye aliyeuchukua mkebe chaneli ilipofungwa, akaupeleka nyumbani kwake kabla haujatupwa. Redio sasa inamlipa kwa kila diski inayonakiliwa. Nilikuwepo walipofungua ya kwanza, Idi ya miaka kadhaa nyuma: takbiri zinasikika wazi, vizuri kabisa, na picha imeganda juu ya mtoto mwenye kanzu mpya anayetazama kamera.